Mgahawa wa Wakuba Tampa na kibanda cha shangazi yangu Tanga

Mama ntilie wa kwetu akifanikiwa, dalili ya mafanikio yake ni mtoto asiyejua kukaanga kitu. Kasomeshwa kwa wali maharage, kapelekwa bweni kwa chapati na supu, na siku anayoajiriwa benki mama anatamba mtaa mzima kwamba yule hatashika mwiko. Kisha magoti ya mama yanakataa na kibanda kinakufa. Wateja wanahamia kwa mwingine, ambaye naye yuko mbioni kusomesha.

Hapa Tampa, Florida, kuna mgahawa wa Wakuba ninaokula mara kwa mara, upande wa West Tampa, na pale mambo yamekwenda kinyume kabisa. Bibi mwenyewe ameketi karibu na droo ya pesa. Binti yake ndiye mkuu wa jikoni, mjukuu wa kiume anahudumia meza, mkwe anapeleka oda za maofisini. Bibi aliingia na boti zilizotoka Mariel, bandari ya Kuba, mwaka 1980, ule mwaka ambao Wakuba wapatao 125,000 walivuka kuja Florida ndani ya miezi michache. Ukipita mlangoni anakukagua kwanza kama umekonda, na jina lako atalitafuta baadaye.

Mimi ni Muislamu, na jiko la Kikuba ni jiko la nguruwe, tusifichane. Nyama yao ya sherehe ni nguruwe aliyelazwa kwenye kitunguu saumu na maji ya danzi. Ule mkate wao mrefu hukandwa kwa mafuta yake, na maharage meusi mara nyingi hupikwa na mfupa wake. Kwa hiyo ile sandwichi yao maarufu ya nyama ya nguruwe, ambayo watu wa Tampa na watu wa Miami wanagombania nani aliianza (wa Tampa huongeza soseji ya salami, wa Miami wanaona huo ni uhuni) mimi huiangalia tu ikipita. Siku ya kwanza niliuliza kwa aibu kipi naweza kula, na binti akatoka jikoni mwenyewe, mikono bado ina unga, akanitajia sufuria moja moja. Siku hizi mjukuu ananiwahi kabla sijakaa: leo maharage yana mfupa, chukua mihogo.

Na ile mihogo! Inachemshwa mpaka ipasuke yenyewe, halafu inamwagiwa mafuta ya moto yaliyokaangwa kitunguu saumu na kukamuliwa danzi. Mtu wa Tanga aliyekulia mihogo ya chumvi na pilipili haelezwi zaidi. Ndizi mbichi wanazikata vipande vinene, wanakaanga, wanazibonda zikawa bapa, wanazirudisha tena kwenye mafuta. Samaki anakuja mzima, kichwa na mkia, na hakuna anayekushangaa ukimchambua kwa vidole. Kinachokosekana ni nazi. Wali ule na maharage yale vingepata tui zito tungekuwa tunazungumza mengine, lakini siku nilipomdokeza binti alinitazama kwa huruma nikanyamaza.

Kahawa yao ni kikombe kidogo kama chetu. Ila matone ya kwanza yanayotoka kwenye birika hupigwa na sukari mpaka yatoe povu, ndipo kahawa yenyewe imiminwe juu. Sisi wa pwani utamu tunauweka pembeni, kwenye kashata. Nadhani njia yetu ni bora, na sibadilishi.

Nikiwapeleka Watanzania wenzangu pale, tukishiba, huanza mhadhara ule ule: unaona wenzetu wanavyopendana? Sisi ndugu akifungua genge, ndugu mwenzake anafungua la pili mbele yake. Sisi roho mbaya. Mhadhara huo nimeuchoka. Familia ile ninaiona wakigombana, binti na mkwe hasa, kwa sauti ambayo kwetu ingeleta wajumbe wa nyumba kumi. Mjukuu mwingine amekimbilia Orlando na hataki kusikia habari za jikoni. Hawatuzidi kupendana. Walichotuzidi ni mahali pa kukaa pasipohamishika, na karatasi za kuthibitisha hivyo.

Mwaka 1966 Marekani ilitunga sheria kwa ajili ya Wakuba peke yao: ukishakaa nchini muda fulani, mwanzoni miaka 2, baadaye mwaka 1, unaomba ukaazi wa kudumu. Mwenye ukaazi anaweza kusaini mkataba mrefu wa pango na kwenda benki. Mtanzania wa hapa mwenye mkono wa pilau kuliko mtu yeyote mjini anapikia nyumbani, anapokea oda za sambusa kwa WhatsApp, na anaomba Mungu jirani asiulize leseni. Chakula chake kinaweza kuwa kitamu kuliko cha bibi, lakini mwanawe atarithi nini hapo? Namba za simu?

Tembea Ybor City, mtaa ulioanzishwa na wenye viwanda vya sigara nene (cigar) miaka ya 1880, uone. Mgahawa wa Columbia ulifunguliwa pale mwaka 1905 na Mkuba aitwaye Casimiro Hernandez, na mpaka leo uko mikononi mwa uzao wake, kwenye barabara ile ile ya 7. Wageni wanapiga picha na kusifu mapishi ya babu. Mimi nasifu hati ya jengo. Kwa sababu barabara hiyo hiyo ina habari nyingine, ya Wakuba weusi. Hao ubaguzi wa Florida uliwatenga na Wakuba weupe, wakaunda chama chao, Martí-Maceo, cha kuuguzana na kuzikana. Kwetu tungekiita kikoba kilichokomaa. Walikuwa na ukumbi wao mzuri. Mwaka 1965 ulibomolewa kwa jina la kuendeleza mji. Chama kilinunua jengo jingine na kipo hadi leo, lakini mtaa uliokizunguka ulikuwa umeshatawanyika. Damu ile ile ya Kikuba, mihogo ile ile; kilichotofautiana ni nani alibomolewa na nani aliachwa.

Sasa turudi nyumbani. Mwishoni mwa 2018 wafanyabiashara wadogo walianza kupewa vitambulisho kwa shilingi 20,000, na mama ntilie wengi walivivaa shingoni kwa fahari. Oktoba 2021 Dar es Salaam ikawaondoa machinga barabarani na kuwapangia maeneo mengine. Sisemi barabara zisisafishwe, mimi mwenyewe nimewahi kutembea Kariakoo nikikanyaga viatu vya watu vilivyopangwa chini. Ninachosema ni kwamba mama aliyepika miaka mingi chini ya mwembe mmoja, wateja wake wakiwa mafundi wa gereji ya jirani, ukimpeleka kilomita tatu mbele hujamhamisha yeye peke yake. Umemwacha na masufuria, ukamnyang'anya biashara.

Anayenibishia kwamba Waswahili hatujui kurithishana akatazame hoteli za familia za Kiarabu na Kihindi kwenye miji yetu ya pwani. Baba alikaanga, mtoto anakaanga, mjukuu anapokea pesa. Wengi wao chini ni hoteli, juu ndiko wanakolala. Hata kwao Wakuba, huko Havana, migahawa ya familia iliporuhusiwa miaka ya 1990 serikali iliibana kwa viti 12 tu, baadaye ikalegeza mpaka 50 mwaka 2011. Iliyochipuka ilichipukia sebuleni, ndani ya nyumba za watu. Nyumba ilikuwepo kwanza.

Shangazi yangu ana kibanda Tanga, si mbali na stendi. Maharage yake ya nazi sijayapata popote duniani. Ananiomba nimchangie binti yake ada ya chuo, nami nimekuwa nikituma. Juzi nikampigia nikampa shikamoo, nikamwambia safari hii nataka nimtafutie fremu badala yake, tulipe kodi ya mwaka mzima, na ikiwezekana tuanze kuulizia ya kununua, ili binti akimaliza chuo akute mahali penye jina la mama yake.

Akanyamaza kidogo, nikadhani mtandao umekata. Kisha akasema: "Mwanangu, wangu unataka akaange mihogo. Na wako huko Marekani anasomea nini?"

Wangu anasomea uhasibu. Nilimwambia ukweli, akacheka mpaka akakohoa. Ada nimetuma. Dalali naye ameniletea picha za fremu mbili, moja paa linavuja na ya pili wanataka dola.