Helike: je, ulikuwa chini ya bahari au chini ya mashamba?

Usiku mmoja wa majira ya baridi, mwaka 373 KK, tetemeko liliubomoa Helike, mji wa Wagiriki uliokuwa pwani ya kusini ya Ghuba ya Corinth, kisha maji yakaufunika. Ugomvi kuhusu mahali ulipokuwa umechukua miaka mingi, na kiini chake ni neno moja la Kigiriki: poros.

Eratosthenes, mwanazuoni wa Kigiriki, alifika pale zaidi ya karne moja baadaye. Wavushaji wakamsimulia kwamba Poseidon wa shaba, yaani sanamu ya mungu wa bahari, bado alikuwa amesimama wima ndani ya poros, farasi wa baharini mkononi, akiwahatarisha wavuvi wa nyavu. Wengi walilisoma neno hilo kama mlango wa bahari, wakaenda kupiga mbizi. Hawakuwa wapumbavu. Pausanias, mwandishi wa safari wa kale, naye aliandika kwamba magofu yalionekana kwa shida kwa kuwa yameliwa na maji ya chumvi. Hoja hiyo haisukumwi kando kirahisi.

Watafiti Dora Katsonopoulou na Steven Soter nao walianzia baharini mwaka 1988, wakaipima sakafu ya ghuba kwa mawimbi ya sauti. Mji hawakuuona. Hapo wakalisoma upya neno lile: huenda poros ni maji ya ndani, nyuma ya ufuo, yanayovukwa kwa mashua. Aliyekulia karibu na wangwa haoni ajabu. Maji ya namna hiyo yana chumvi, yana wavuvi, na yanakula mawe vilevile.

Wakatoboa ardhi ya delta, kati ya mito Selinous na Kerynites. Mwaka 2001, katika kijiji cha Rizomylos, zikatokea kuta zilizoanguka za wakati uleule, na juu yake tope lenye magamba ya vijidudu vya maji ya chumvi kidogo. Kwangu mimi magamba hayo ndiyo ushahidi mkubwa kuliko kuta zenyewe. Delta hiyo ina pia mji wa Enzi ya Shaba na jengo la Kirumi, kwa hiyo ukuta peke yake ungeweza kuwa wa yeyote. Lakini ukuta wa zama zile, umeanguka, ukazama majini, kisha mito ikaufukia kwa udongo? Hiyo ni habari ya Helike.

Kinachonisumbua bado ni Strabo, mwanajiografia wa kale, anayesema mji ulikuwa stadia 12 (kipimo cha umbali cha Wagiriki) kutoka baharini, kama kilomita 2, na eneo lote hilo likamezwa. Mito imeusogeza ufuo tangu hapo, kwa hiyo kipimo hicho hakiwezi kuanzia kwenye ufuo wa leo. Ufuo wa mwaka 373 KK lazima utafutwe kwanza, kwa kutoboa zaidi.