Kupima macho si kununua miwani

Uskoti, ninakoishi, kupima macho ni bure kwa kila mkazi tangu mwaka 2006, awe mzee, kijana au mhamiaji kama mimi. Na mpimaji haishii kwenye ubao wa herufi. Anapima presha ya jicho, kisha anamulika hadi nyuma kabisa aukague mshipa wa fahamu. Kama huhitaji miwani, unaaga unaondoka. Ukiihitaji, hapo ndipo mfuko unapouma, maana fremu na lenzi watu wengi hujilipia.

Kwetu Mbeya, Tanzania, tumezoea kinyume. Matangazo ya kupima macho bure yapo, lakini mara nyingi bure hiyo ni ya muuza miwani: unasoma herufi, unachagua fremu, basi. Wengi hawafiki hata hapo. Mtu akivuka miaka 40, maandishi ya Biblia yakianza kumpotea, anamwendea machinga pale sokoni Mwanjelwa na kujaribu miwani moja moja mpaka apate inayomkubali. Machinga simlaumu hata kidogo. Miwani ile inasaidia kweli kusoma, na mkulima wa viazi anaimudu. Tatizo ni kwamba ukishaona herufi, unaamini jicho ni zima.

Ndivyo alivyoamini baba yangu mdogo wa Tukuyu. Kumbe alikuwa na presha ya macho, yaani glakoma, ugonjwa unaoharibu ule mshipa wa fahamu, na kwa wengi haiumi wala haiwashi. Huanza kula uwezo wa kuona pembeni. Akawa anajikwaa migombani, anapamiana na watu gulioni, nasi tukasema ni uzee. Alipofika kwa daktari wa macho, jicho moja lilikuwa limeshakwenda. Ingekuwa mtoto wa jicho, angepasuliwa na huenda angeona tena. Kilicholiwa na presha hakirudi. Dawa ya matone inalinda kilichobaki tu, kila siku, maisha yote.

Tena ugonjwa huu hutembea kwenye ukoo, na sisi weusi hutupata mapema na kwa ukali zaidi. Nikampigia dada yangu aende akapime. Akanijibu, "Kaka, mbona naona vizuri? Nipoteze siku nzima na nauli ya Kosta kwenda mjini kwa lipi?"

Ana haki ya kuuliza. Mtu wa Tukuyu au Chunya anakuwa ameshalipa nauli, chakula na siku ya shamba kabla hajafika dirisha la malipo. Kwa hiyo kipimo kimfuate yeye. Kliniki za kisukari na presha ya damu tayari zinakusanya watu wa umri huo huo, na kisukari chenyewe huharibu macho. Hapo hapo pawe na mtu aliyefundishwa kupima presha ya jicho na kukagua mshipa, na asiwe na miwani ya kuuza.

Nasi tulio nje, tunaochangia misiba bila kuombwa mara mbili, tuchangie na hili. Kwetu nauli za ukoo nimebeba mimi. Dada amekubali kwenda, viazi vikishatoka shambani.