Cheo cha Kununua

Asubuhi za Julai kule Njombe, bibi yangu hatoki nje bila sweta lake la vifungo. Sweta la namna hiyo Waingereza huliita kadigani, kwa jina la James Brudenell, Lord Cardigan, kabaila na afisa wa wapanda farasi. Sweta nalipenda. Mwenye jina simpendi hata kidogo.

Enzi zake vyeo vya jeshi la Uingereza viliuzwa. Luteni kanali wa wapanda farasi, bei rasmi, pauni 6,175. Cardigan inasemekana alitoa zaidi ya 35,000. Aliingia jeshini mwaka 1824, na kufikia 1832 alikuwa akiongoza kikosi kizima bila kuonja vita. Hapo ndipo penye uchungu wangu. Maafisa waliokula jua la India miaka nenda rudi, ila mfukoni hawana kitu, walikuwa chini yake wakidharauliwa. Mwaka 1840 mmoja wao, kapteni, aliwekwa kizuizini kwa sababu ya chupa nyeusi mezani. Ilikuwa ya mvinyo. Cardigan alidhani ni bia ya walalahoi. Mtu mzima, mkuu wa kikosi, anagombana na chupa!

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekabidhiwa roho za watu Balaclava, Crimea, rasi ya Bahari Nyeusi ambako Waingereza walikuwa wakipigana na Warusi, tarehe 25 Oktoba 1854. Amri ilifika ikiwa haieleweki. Aliyempa ni shemeji yake, Lord Lucan, na wawili hao walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Wapanda farasi wapatao 670 wakaingia bondeni, mizinga ya Warusi mbele yao, kushoto na kulia.

Ujasiri simnyimi. Alitangulia mbele peke yake, hakugeuka nyuma. Lakini alipofika kwenye mizinga aligeuza farasi akarudi zake, akawaacha askari wakipigana bila mkuu. Zaidi ya 100 walikufa. Walipohesabiwa, waliokuwa bado juu ya farasi walikuwa 195. Yeye malazi yake yalikuwa kwenye boti yake binafsi bandarini, askari wakilala kwenye mahema.

Uingereza ilimpokea kwa shangwe, na wapo wanaomwita shujaa hadi leo. Mimi shujaa namtafuta miongoni mwa wale waliomfuata. Uuzaji wa vyeo ulifutwa mwaka 1871, miaka mitatu baada ya yeye kuanguka kutoka kwenye farasi na kufa.