Mbuzi wa Haji sijampaka rangi, kajipaka mwenyewe

Najua mshatumiwa ile klipu ya mimi na mbuzi wa jirani yangu Haji. Hicho kicheko cha mtu anayekaribia kukata roho mnachokisikia humo ni cha rafiki yangu kabisa, tumekua wote, ana hela yangu mpaka leo, na bado akaona apande varanda ya juu apate engo nzuri badala ya kushuka kunisaidia. Chini yake kaandika eti nimempiga mbuzi rangi nikamuuze kama mbegu ya kisasa. Uongo mtupu, hebu kaeni niwaambie.

Gari mnaijua, Toyota IST ya 2004, silva. Mwili wa bati bado uko poa ila bampa la nyuma lilishakwisha habari yake, limepauka, lina mabaka meupe, kilia, ule mpako wa juu wa kung'arisha usio na rangi, inabambuka ukipitisha kucha tu, mpaka bodaboda mmoja kwenye foleni akaniuliza kaka hii gari ina ukurutu? Jua la Dar ndo lilivyo, likishaichosha kilia inapasuka, maji na vumbi vinapenya chini na rangi inabaki uchi. Fundi akaniambia 80,000. Nikaona huyu kaniona boya, nikaingia YouTube.

Na kabla hamjacheka jueni kwamba kazi niliifanya haswa. Namba ya rangi nikaisoma kwenye kile kibati cha gari palipoandikwa C/TR, nikanunua spray ya kopo ya namba hiyo hiyo, kopo la kilia, na praima ya plastiki kwa sababu bampa sio bati, bila hiyo rangi inaachia kwa maganda. Msasa wa maji namba 800, nikaja 1000 ulio laini zaidi, ndoo ya maji ya sabuni pembeni, nasugua mpaka kidole kikipita pale ilipoishia kilia ya zamani hakisikii kingo yoyote. Mabega hata sasa hivi siwezi kuvaa shati vizuri. Taa na plate namba nikaziziba kwa gazeti na maskintepu. Praima, ikakauka, silva mikono (yaani tabaka) myepesi myepesi, kopo liko umbali wa shubiri, kila mkono nasubiri kama dakika 10 ndo narudia. Sikuharakisha hata kidogo, nawaambia.

Sasa ilikuwa alasiri ya kuamkia Idd ya kuchinja, na Haji wa nyumba ya mbele kamfunga mbuzi wake kwenye mwembe hapo hapo uwanjani tunapopaki. Mbuzi mweusi tii, mzuri, kanona. Kamba kaitafuna saa ngapi sijui.

Nimemaliza kilia mkono wa mwisho. Bampa linang'aa mpaka naona meno yangu. Nikarudi nyuma, nikatoa simu nipige picha niwarushie nyie nyie humu mnaosemaga siwezi kitu. Kwenye skrini naliona bampa, naiona taa, halafu kwenye kona naona sikio.

Nikajua kivuli. Sikio likafuatiwa na pembe. Pembe ikafuatiwa na mdomo, na mdomo ukaenda moja kwa moja kwenye gazeti la kwenye taa, ukang'ata ncha, taratiiibu, kwa adabu zote, akavuta. Maskintepu krrrrr. Mimi simu iko juu, akili imegoma, nikasema "shhh". Hivi nani anamwambia mbuzi shhh? Akanitazama, ukurasa wa michezo unaingia mdomoni, ndo akageuka aondoke, na katika kugeuka ubavu ukagusa bampa.

Akasikia raha. Nadhani kaubaridi kale ka kilia mbichi. Akaegemea. Akaanza kujikuna. Kutoka kona ya kulia, akapita katikati, akapita plate namba, mpaka kona ya kushoto, mimi nashuhudia tu mstari wa manyoya unabaki nyuma yake. Halafu akarudi. Jamani, ALIRUDI.

Hapo ndo miguu ikakumbuka kazi yake, nikamrukia, simu mkono huu, kopo la kilia mkono huu, nataka nimsukume kwa kiwiko, kidole kikabonyeza. Psssssss. Uso, pembe, ndevu. Akapiga chafya moja, ndevu zikagandana, zikanyooka, zikawa zinang'aa. Wallahi kilia ilimkaa vizuri kuliko bampa, haikuchuruzika popote.

Na geti likalia. Haji anatoka msikitini.

"Shikamoo Haji."

"Marahaba."

Kimya. Anamtazama mbuzi. Mbuzi anamtazama yeye, gazeti linaning'inia, ubavu mmoja mweusi, ubavu mwingine silva metaliki. (Hapa kwenye klipu ndo yule mjinga anapiga ukuta kwa kucheka, sikilizeni vizuri mtasikia.)

"Huyu ndiye mbuzi wangu?"

Sijui nini kilinipitia. Nikajibu, "Nusu, Haji."

Yaliyofuata nayafupisha maana hayana faida kwangu. Nikakimbilia thina, ile ya kuyeyushia rangi, nimfute, Haji akapiga ukelele, we kijana unataka kesho tule pilau la thina? Akapigiwa shehe, spika wazi, mtaa mzima umejaa pale kusikiliza kama mbuzi aliyepata rangi anafaa kuchinjwa. Shehe akataja vilema vya kuangalia, chongo la wazi, ugonjwa wa wazi, kuchechemea, kukonda mpaka mifupa haina mafuta, rangi hakuitaja, kisha akauliza "kwani rangi gani?" na sauti yake ikapotea kidogo, nina hakika alifunika simu. Manyoya yakakatwa kwa mkasi, aliyemshika mbuzi ni mimi. Idd ikaswaliwa, mbuzi akachinjwa, nikaletewa sahani yangu na mtoto aliyeagizwa aniambie "hii ya upande wa silva". Nikala.

Bampa sasa lina manyoya, yamekaukia ndani ya kilia kabisa, ukiliangalia kwa mbali unaweza kudhani nimelivika koti. Fundi wa 80,000 kalipapasa kwa muda mrefu akasema sasa ni 120,000 kwa sababu yeye hajawahi kunyoa bampa.

Kwa hiyo mwenye bampa la nyuma la IST ya zamani, silva, lililotoka Japani na rangi yake, aje inbox tuongee. Asiye nalo asije kuniandikia meeee, mshafika wengi.