Megafoni ya Birere na ukimya wa mpakani

Maduka ya Birere hayajafunguliwa bado, megafoni imeshaanza. Mhubiri amesimama pale chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zinapopakia magunia, anawaambia watu watubu kwa maana saa imefika. Wasukuma chukudu hawageuki. Mama wa ndizi anaitika "Amen" huku mikono yake ikiendelea kupanga vichane. Kwa wengi wetu hapa Goma, mji wa Kongo ulio mpakani na Rwanda, huyo ndiye mtu anayeshuhudia imani: ana koo gumu, na haya hana.

Kuna wanaomcheka. Mimi simcheki, maana hoja yake, kwamba imani sharti isemwe, ina mizizi. Paulo aliwauliza Warumi: "Tena wamsikieje pasipo mhubiri?" Imani hii haikuota yenyewe kando ya ziwa Kivu. Ililetwa na watu waliosema, na kisha ikasambazwa na makatekista na wainjilisti waliopanda milima kwa miguu, wengi wao hata majina yao hayakuandikwa popote. Wangekaa kimya wakingoja tabia yao iwasemee, sijui nani angewaelewa.

Upande wa pili husema: ishi vizuri, watu wataona. Wanaosema hivyo siku hizi wana mfano ambao Goma nzima inaujua. Floribert Bwana Chui alikuwa kijana wa Sant'Egidio, jumuiya ya waumini Wakatoliki, rafiki wa maibobo, wale watoto wa barabarani ambao jumuiya hiyo iliwasaidia kusoma. Kazini alikuwa OCC, shirika la serikali linalokagua bidhaa mpakani. Akaletewa rushwa ili chakula kilichoharibika kiingie mjini, akakataa. Julai 2007 alitekwa na kuuawa akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenyeheri, huko Roma. Hakushika megafoni. Alichokihubiri ni mzigo mbovu ambao haukufika sokoni, na waliopona ni watu ambao hawakujua kamwe kwamba wameponywa.

Mfano huo una nguvu kiasi kwamba watu huutumia kufunga mjadala. Lakini tukiuchungulia vizuri, unawapinga kidogo hao wanaoutumia. Mkaguzi asiyeamini Mungu naye anaweza kukataa rushwa, na wako wanaofanya hivyo. Tunajua kwamba kwa Floribert jambo hilo lilitoka katika imani kwa sababu aliishi kati ya marafiki waliosali naye, na baada ya kifo chake wakafungua kinywa wakasimulia. Kitendo kilikuwa chake, maneno wakayatoa wenzake. Bila wao angebaki mfanyakazi mwaminifu aliyeuawa, na mji huu umezika waaminifu wengi.

Kwa hiyo swali la kusema au kunyamaza linanitatiza kidogo kuliko hili jingine: tunasema na nani, na tunamtafutia nini? Goma si mji wa watu wasiowahi kusikia jina la Yesu. Ukitoa Waislamu na wachache wengine, karibu kila unayekutana naye barabarani alishabatizwa mahali fulani: parokiani, kwa Wabaptisti wa CBCA, kwa Wapentekoste wa CEPAC, au kwenye chumba cha maombi cha mabati kilichofunguliwa juzi. Sehemu kubwa ya tunachokiita uinjilisti ni kuhamisha kondoo kutoka zizi hili hadi lile. Wachungaji wenyewe wanalijua, ndiyo maana neno "kuiba kondoo" halihitaji maelezo. Anayeshuhudia ili viti vyake vijae atasikika hivyo hivyo, hata akiwa na sauti tamu.

Hatari inaongezeka mtu anapokuwa na njaa. Wakati kambi za wakimbizi zilipozunguka mji, Bulengo, Lushagala, Kanyaruchinya, wapo waliofika na sabuni na unga mkono mmoja, Biblia mkono mwingine. Kutoa ni vizuri. Kusali na mjane anayeomba asaliwe ni vizuri pia, na wasomi wanaodhani mtu wa kambini anataka mkate tu wanamdharau. Ila mama akisimama foleni ya unga, akaambiwa kwanza ainue mkono ampokee Yesu, ule mkono umeinuliwa na tumbo. Hapo sioni pande mbili za kupima.

Halafu kuna sifa ambayo siisikii ikitajwa katika semina: uwezo wa kusema "sijui". Volkano yetu, Nyiragongo, ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na siku chache baadaye mji ukaamriwa kuhama, watu walitembea hadi mji jirani wa Sake na magodoro vichwani. Sauti zilizosema ni adhabu ya dhambi za Goma hazikukosekana. Mwaka 2002 lava ilikuwa imeteketeza hata kanisa kuu la Katoliki. Sijui hapo aliadhibiwa nani. Katika siku zile za 2021, waliowafungulia wakimbizi milango ya makanisa ya Sake walale sakafuni hawakuwa na maelezo ya mlima. Walikuwa na mkeka.

Mstari unaonukuliwa zaidi katika mafunzo ya uinjilisti ni ule wa Petro: mwe tayari siku zote kumjibu kila mtu. Wengi huishia hapo. Petro hakuishia hapo. Aliendelea "awaulizaye habari za tumaini", akamaliza kwa "upole na kwa hofu". Kwa hiyo kuna mtu aliyeuliza kwanza. Filipo naye, alipomkuta Mwethiopia garini, alikimbia kando ya gari, akasikia kinachosomwa, ndipo akauliza: "Je! Yamekuelea haya unayosoma?" Akapanda baada ya kukaribishwa.

Nadhani ndugu yetu wa Birere angeweza kulijaribu hilo bila kupoteza ujasiri wake. Azime megafoni asubuhi moja, ashike upande wa nyuma wa chukudu inayopanda na magunia, asukume. Kijana akimuuliza kwa nini anasukuma, ajibu. Asipoulizwa, gunia litakuwa limefika juu.