Wanakwambia jichanganye, mi nakwambia kaazime pasi

Kila vyuo vikifungua lazima umkute mtu anawapa fesiti yia, wale wa mwaka wa kwanza, ushauri uleule, jichanganye. Nijichanganye na nani sasa? Pindi la DS, lile somo la Development Studies, lina watu mia kadhaa, umechelewa kidogo unasimama dirishani, likiisha kila mtu anakimbilia lake, utajichanganya na migongo? Mi ndo naingia mwaka wa tatu hapa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na hili neno nimelifikiria sana, naona wengi wanaolisema walikuja na watu wao tayari.

Maana wapo. Kuna waliotoka advansi shule moja wamekuja watano, wanakula watano, wanasoma watano. Kuna waliokuwa JKT kambi moja, hao wakikutana njiani wanapigiana saluti wanaitana kruta mpaka unaona wivu. Mi nlitoka Namtumbo peke yangu. Wanasema chuo hiki kilianza 1961 kwenye jengo la TANU pale Lumumba na wanafunzi kumi na kitu tu, wote wa sheria, sidhani kama kuna aliyewaambia wajichanganye. Leo hosteli za Magufuli peke yake, zile zilizofunguliwa 2017, ni za watu 3,840, na humo ndo nlipopangiwa kitanda.

Mama alinifungashia kama bibi harusi. Ndoo mbili, beseni, pasi, kandambili, sukari, chumvi, sindano na uzi, mpaka kufuli la Solex. Stendi Songea akanishika mkono akasema mwanangu usiende kuombaomba vitu vya watu, watakudharau. Nikaitikia sawa mama, na nikalishika kweli, wiki tano sikuomba hata kibiriti.

Rumeti zangu wao walikuwa wanaazimana kila kitu, shosti naomba pasi, naomba chaja, naomba kamafuta kidogo, na kila kilichoazimwa kilikuwa kinarudi na umbea wake, yani mtu anarudisha beseni anakaa kitandani kwa mwenzie nusu saa nzima. Mi niko zangu kitanda cha juu nawasikiliza, nina kila kitu. Baadaye sana ndo wakaja kuniambia walikuwa wananiita Mama Duka, ila duka lenyewe lilikuwa limefungwa muda wote.

Sasa Jumamosi moja nikapoteza funguo. Nimetoka kuoga, nina kanga moja mwilini, nguo ziko kabatini, hela kabatini, simu kabatini, na Solex mnalijua halina mchezo. Nikazunguka pale kama kuku anayetaka kutaga, mwisho nikasema kwa sauti ya chini, jamani naombeni nguo. Walicheka hao! Mmoja akanipa dera, mwingine akanipa kandambili, wa tatu akashuka kwenda kutafuta nyundo. Kufuli likatusumbua mpaka saa nne usiku, katikati hapo wakachanga wakanunua chipsi tukala sahani moja, na ni kwenye hizo chipsi ndo nlijua huyu anaogopa kusapu, yani kurudia mtihani, mpaka usingizi hapati, yule boom, ile hela ya mkopo ya kujikimu, ikiingia anaigawa nusu anawatumia wadogo zake, na mimi nikajikuta nawasimulia habari za nyumbani ambazo sikuwahi kumsimulia mtu tangu nishuke basi Mbezi. Kesho yake nina dera la mtu la kufua na buku mbili ya chipsi ya kurudisha. Nilivyorudisha dera nikakaa kitandani kwake. Nusu saa.

Ndo maana nasema, mtu aliyejitosheleza watu wanamheshimu, ila hakuna anayemgongea mlango. Ukiazima kitu umempa mwenzio sababu ya kuja kwako kesho, na wewe una sababu ya kwenda kwake. Hata TMCS, umoja wetu wa wanafunzi Wakatoliki, nlikaa miezi miwili nasali nyuma kabisa misa ikiisha natoweka, mpaka siku dada mmoja akaniambia mdogo wangu hebu shika huu upande wa turubai. Tulivyomaliza kulifunga nlikuwa najua majina ya watu sita. Marafiki zangu wa CASFETA ya walokole na MSAUD ya Waislamu nao ukiwauliza stori ni hiyohiyo, alipewa sufuria aoshe, alitumwa akanunue maji, basi akabaki.

Sisemi ukawe kupe. Wapo marafiki wa boom, ikiingia mko kumi Mlimani City mnapiga picha, wiki ya tatu unapiga simu hazipokelewi. Na wapo wanaokopa hawarudishi, hao bloku nzima inawajua. Mi naongelea vitu vidogo, pasi, sindano, desa la jana, yani notsi, na kwa kweli kugumu zaidi ni upande wa pili, kukubali kuazimwa, maana pasi yangu iliwahi kurudi imegandiwa na kitenge cha mtu na nikalazimika kucheka.

Likizo nikamsimulia mama yote haya, nikijua atanisema. Akakaa kimya akipepeta mchele wake, halafu akaniambia hata yeye na mama jirani, ambao leo wanazikana, walijuana kwa sababu alienda kuazima kinu. Nikamuuliza sasa mbona pale stendi ulinikataza? Akasema pale nlikuwa naogopa.

Wiki hii chumbani kwetu kaletwa fesiti yia kutoka Kigoma. Ndoo tatu, pasi mpya bado iko kwenye boksi, yuko kitanda cha juu anasoma haongei na mtu. Jana nikamwambia mdogo wangu naomba pasi yako nipige kagauni kangu. Yangu iko chini ya kitanda na rumeti zangu wanajua, wakageukia ukutani wote wawili.