Goenka na swali la feza

Hapa Bukavu ukitaja Goenka na mafungo yake ya kutafakari ya siku 10, utaulizwa kwanza: ni sekti gani hiyo, na inakula franka ngapi? Swali lina haki yake. Mama muuza sambaza, wale samaki wadogo, anajua sadaka yake imenunulia wahubiri gani magari. Ila kwa mtu huyu, hapo kwenye feza ndipo shutuma inapokosa mguu.

Satya Narayan Goenka alizaliwa Mandalay, Burma, mwaka 1924, katika familia ya Wahindu wafanyabiashara. Kipandauso kilimtesa hadi akawa anachomwa morfini, na madaktari wa Ulaya na Japani walishindwa. Mwaka 1955 akaenda kwa U Ba Khin, mhasibu mkuu wa serikali aliyefundisha kutafakari, ambaye mwanzoni alimkatalia: hakutaka mtu aliyefuata dawa ya kichwa tu. Mwaka 1969 Goenka alihamia India, akafundisha huko hadi alipofariki mwaka 2013.

Kanuni yake ya feza ni hii: mgeni halipi kulala, kula wala kufundishwa, na hata akitaka kutoa, hapokelewi. Anayeruhusiwa kuchangia ni aliyemaliza siku zote 10, na mchango wake unamhudumia atakayekuja baadaye. Walimu hawana mshahara. Wapishi kwa kawaida ni wanafunzi wa zamani wanaojitolea. Hebu pima: anayetoa ameshapata alichopata, na aliyekimbia siku ya tatu hawezi kudaiwa hata franka moja. Mtu mwenye njaa ya feza asingejifungia mlango hivyo. Ni wahubiri wangapi hapa wangekubali kanuni hiyo kwa Jumapili moja tu?

Ukimya wa mafungo haya nao unatisha watu. Lakini Wajesuiti, watawa wa Kikatoliki, hao wa shule yetu ya Collège Alfajiri, kila mmoja wao hupitia siku 30 za mafungo ya ukimya, na hatujasikia wakiitwa sekti.

Kazi yenyewe ni ngumu. Kengele ni saa kumi alfajiri, na kutafakari ni kama saa 10 kwa siku. Siku tatu za kwanza unaangalia pumzi inavyopita puani, basi. Wengi hukosea kwa kuivuta kwa nguvu, ilhali wameambiwa waiache ijiendee. Siku ya nne unaanza kupitisha akili mwilini, kichwani hadi miguuni, na mara tatu kwa siku unakaa saa nzima bila kubadilisha mkao. Magoti yanawaka. Anayewinda raha aliyoionja jana ndiye huchoka upesi.

Hoja nzito ya wapinzani ni nyingine, na inatuhusu sisi wa Kivu. Mtu aliyeona vita akifumba macho saa zote hizo, yaliyozikwa yanaweza kufumuka. Mafundisho ni sauti ya Goenka iliyorekodiwa; mwalimu msaidizi aliyepo hukupa dakika chache za maswali, na si daktari. Fomu ya kujiandikisha huuliza juu ya ugonjwa wa akili, na mgonjwa anaweza kukataliwa. Hiyo ni busara, ila ulinzi wote umeachiwa kalamu ya mgonjwa mwenyewe, na anayeogopa kukataliwa huandika “hapana”. Mfanyabiashara wa mtaa wa Nyawera aliyechoka na kelele, mimi ningemwambia aende. Aliyetoka vitani porini mwaka huu na bado anapiga kelele usiku, ningemzuia, hata kama ni bure.